Anayebeba Kichwa

Nilikuwa nimelala chali kwenye simenti yenye maji, na kichwa cha mtu mzima kimelala kifuani pangu. Nilitazama kwanza kichwa hicho. Kilikuwa kizima, hakikugonga popote. Kisha nikataka kuvuta miguu yangu nisimame, ikakataa. Niliiona pale mbele, lakini ilikuwa kama miguu ya jirani.

Aliyekuwa juu yangu ni mtu wa Basoko. Kituoni wote tulimwita hivyo. Zamani alikuwa mchuuzi wa samaki wa kukausha, anapanda na kushuka mto na magunia yake, mpaka siku alipoanguka ndani ya chombo akavunjika shingo. Tangu hapo yeye ni macho na kinywa tu, na kinywa hicho hakikuvunjika hata kidogo. Akaniuliza, "Mama, uko muzima?" Sikuweza kujibu. Akapaza sauti kuelekea mlango, "Muite mutu. Mama anakufa chini yangu."

Mwenzangu, mama aliyekuwa amebeba miguu, alikuwa ameshika ukuta analia. Muuguzi akaja mbio, na nyuma yake akaja AG. AG ni yule anayesimamia feza na wafanyakazi. Kwetu kila nyumba ya wagonjwa ya serikali ina AG wake. Hakuingia bafuni. Alisimama kwenye kizingiti akitazama viatu vyake, maji yasivifikie.

"Papa AG," muuguzi akasema, "tumupeleke hospitali kwa jina ya kituo."

"Kwa jina ya kituo kwa nini? Huyu mama haiko mufanyakazi. Muite jamaa yake."

"Lakini ameangukia kazini."

"Kazi gani? Usiandike kitu. Muite jamaa yake, basi, c'est tout."

Jamaa yangu wa karibu siku ile alikuwa yule aliyenilalia kifuani. Wamama wenzangu ndio walionitoa pale. Walikosa gari, wakasimamisha pusupusu, mkokoteni wa muuza makala, yale makaa ya kupikia, wakanilaza juu yake na kunisukuma mpaka kwangu mtaa wa Mangobo, na vumbi jeusi likanipaka mgongo mzima. Nilianza kazi kwenye kituo kile mtoto wangu wa mwisho akiwa bado mgongoni. Leo mtoto huyo ameolewa. Na nilitoka mlangoni kama gunia la makala, na kwa neno la AG sijawahi kufanya kazi huko.

Bon. Ili mnielewe, nirudi nyuma.

Kituo chetu kiko upande wa Tshopo, karibu na maporomoko yanayozalisha umeme. Umeme ukikatika, mashine za jirani zikanyamaza, unayasikia maji yale yanavyonguruma, na unajiuliza umeme wote ule unakwenda wapi. Wanaoishi pale ni watu ambao mwili umewakatalia: wengine tangu kuzaliwa, wengine kwa ajali, wengine kwa ugonjwa. Wengi wameachwa na familia. Kuna watoto, lakini wakubwa ndio wengi, na mkubwa asiyejiinua ni mzito kuliko mnavyofikiri. Kazi yetu ni kuwaosha, kuwageuza wasipate vidonda, kuwalisha, kuwatoa kitandani na kuwarudisha. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kalamu nimeizoea kwa sababu ya kwaya kanisani. Kazi hii nilifundishwa na wamama wakubwa walionitangulia.

Jambo la kwanza walilonifundisha ni kwamba mtu anabebwa na wawili, na kichwa ni cha mama. Unasimama nyuma yake, unapitisha mikono chini ya makwapa, unajishika vifundo vya mikono mbele ya kifua chake, na kichwa chake kinalala juu ya kifua chako. Mwenzako anapitisha mikono chini ya magoti. Mnahesabu pamoja, mnainua. Nikauliza kwa nini kichwa ni cha mama. Mama mkubwa mmoja, yule mwenye ulimi mkali kuliko wote, akanijibu, "Mutu akizaliwa, nani anapokea kichwa? Akikufa, nani anakaa kwenye kichwa chake mpaka wamutoe? Basi, hapa katikati pia iko vilevile." Njo vile, ndivyo tulivyofanya. Wanaume walipoanza kuletwa kufanya kazi ile ile, walipewa miguu. Mgonjwa anataka kuona uso anaoujua juu yake anaponing'inia hewani. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba, na hakuna aliyeipinga.

Sasa jaribuni wenyewe nyumbani. Mlazeni shemeji yenu kitandani, mmoja ashike magoti, mwingine ashike huku juu. Mtajua uzito wa mtu uko wapi.

Mwanaume niliyebeba naye alikuwa kijana wa mto, wa upande wa Isangi, aliyekuwa akipakua magunia bandarini. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kupiga magoti asijiumize, jinsi ya kumfunika mgonjwa asione haya. Alijifunza vizuri. Alikuwa na mikono ya heshima. Nilimwita "mwenzangu wa miguu", yeye akaniita yaya, yaani dada mkubwa. Sina ubaya naye wa zamani. Ubaya wake utakuja.

Siku moja AG alitukusanya. Ujumbe unakuja kutoka mji mkuu, akasema, watu wa serikali wanaotembea kwenye vituo vyote kuangalia nani anafanya kazi, ili kila mfanyakazi apewe prime. Prime ni ile feza ya serikali inayoongezwa, na kwa wengi ndiyo mshahara wenyewe, maana mshahara hawana. Sisi tulipiga vigelegele. Halafu akageukia upande wetu, sauti imekuwa tamu.

"Bamama, nyinyi ndio uso ya nyumba. Kesho munipokelee wageni vizuri. Muvae kitenge, mupike, muimbe kidogo. Hizi bluzi zenu, muzitoe. Wageni wa Kinshasa hawapokelewi na bluzi kama wagonjwa."

Tukaona ana akili. Kwetu mgeni mkubwa anapokelewa na wamama waliovaa sare moja, na nyumba isiyo na wamama mlangoni ni nyumba ya wagane. Tulikuwa na kitenge cha kwaya, cha rangi ya chungwa. Tulitoa feza ya likelemba yetu, ile akiba tunayopokezana kila mwezi, tukanunua ndizi, samaki, mafuta mazuri. Tulipiga lituma, ndizi za kuponda, mpaka mikono ikawaka. Na bluzi zetu nyeupe za kazi, tulizokuwa tumezifua na kuzipiga pasi, zikawa zimetundikwa bure. Wanaume walikuwa na bluzi chakavu, wengine hawakuwa nazo kabisa. AG akawaambia wachukue zetu.

Bluzi yangu ilikuwa na mfuko niliouongeza mwenyewe kwa uzi wa bluu, wa kuwekea sabuni. Niliiona imesimama kwenye mstari mbele ya ujumbe, juu ya mabega ya mwenzangu wa miguu, imembana. Mkuu wa ujumbe akampa mkono, akaandika. Akaenda kwa anayefuata, akaandika. Sisi tulikuwa upande wa pili wa ua tunaimba.

Walipokula, mimi ndiye niliyepitisha beseni la kunawa. Nilikuwa nimeinama mbele ya mkuu wa ujumbe, mikono yake iko ndani ya maji yangu, alipouliza, "Na hawa bamama wazuri hivi?"

AG akajibu bila kumeza mate. "Hawa ni bamama wa jamaa za wagonjwa. Wanatusaidia kwa moyo."

"Mungu awabariki," mkuu akasema, akanyoosha mikono nimpe kitambaa.

Nikampa. Nikachukua beseni langu. Wako watakaoniambia, mama, ungesema. Mtu anayesema hivyo hakulelewa. Mwenye nyumba hakanushwi mbele ya wageni, chakula kikiwa mdomoni. Tulifikiri AG ana njia yake, kwamba wageni wakiondoka atatueleza. Silii kwamba nilikuwa na adabu. Ninamshtaki aliyejua kwamba tutakuwa nayo.

Prime ilitoka. Wanaume walianza kwenda benki. Mfagiaji wa ofisi, mwanaume, alikwenda. Mwanaume aliyekuwa amekuja mwezi uleule alikwenda. Sisi tulingoja, tukaambiwa tungoje, na ilipofika siku ya wanawake ya mwezi wa tatu AG alitupa kila mmoja kipande cha kitenge na sabuni moja. Mama mkubwa alikipima chake kwa mkono, akasema, "Hiki hakifiki hata kwenye matako. Papa AG alitupima na macho ya nani?"

Tukaingia ofisini kwake wote. Tulimuuliza jambo moja tu: kazi ni moja, kwa nini malipo si mamoja?

"Bamama, musikasirike. Hii prime iko ya nguvu," akasema. "Wanaume wanabeba. Nyinyi munaosha, munalisha. Hiyo iko kazi ya mama, mulizaliwa nayo."

Nilimtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi kwenye kituo kile siku zote hizo na hakuwahi kuja kuona mtu anavyobebwa.

Tulivuka mji mpaka Makiso, kwenye ofisi ya jimbo. Tulikaa kwenye benchi la nje, tukaambiwa mkuu yuko mkutanoni, tukarudi, tukakaa. Siku aliyotupokea alikuwa mtu mpole sana. "Kazi yenu ni ya moyo," akatuambia. "Kazi ya moyo haina bei. Mungu mwenyewe atawalipa."

"Patron," mama mkubwa akasema, "basi tubadilishane. Mungu awalipe wanaume, na sisi utulipe weye."

Mlinzi wa mlangoni alicheka mpaka akatoka nje. Mkuu hakucheka. Alisimama akatufungulia mlango, na huyo naye ninamweka hapa kati ya wenye kosa, kwa upole wake wote.

Njiani tulizungumza. Wengine walitaka tuache kazi. Lakini utamwacha nani kwenye kinyesi chake? Mtu wa Basoko? Binti asiyeweza kujifukuzia nzi? Hao hawakutunyima kitu. Mama mkubwa akasimama katikati ya barabara, pikipiki zinampigia honi, akasema, "Alors, tubebe miguu."

Jumatatu tulifika, tukavaa bluzi zetu, na kila mama akasimama upande wa miguu. Mwenzangu wa miguu alifika kitandani kwa mtu wa Basoko, akanikuta nimekwisha kupitisha mikono chini ya magoti.

"Yaya, hapo ni pangu."

"Ilikuwa pako. Prime iko ya nguvu. Leta nguvu yako huko kwa kichwa."

Alizunguka akiwa anacheka. Alimshika, tukahesabu, tukainua, na kicheko kikaisha hapo. Nilimwona shingo inavyovimba. Mtu wa Basoko naye akaanza.

"Tonton, unanikumbata kama gunia ya muhogo. Miye niko mutu, nina bibi."

"Nyamaza, usicheze, nitakuangusha. Huyu anakula mawe?"

"Anakula kile kile alichokula juzi," nikamwambia, "ulipokuwa huku kwangu."

Juma halikuisha, wanaume wote wa kituo wakawa wanatembea kama watu wanaotafuta sindano chini. Mmoja alijifunga kiuno kwa mpira wa baiskeli. Wagonjwa walilalamika mwanzoni, wengine waliogopa, na hilo liliniuma. Tulikuwa tunasimama kwenye miguu huku tukiongea nao usoni ili watuone. Lakini sasa kila mtu alijua. Hata muuguzi alijua. Mwenzangu wa miguu aliniambia mwenyewe, tumeketi tunapumzika, jasho linamtoka: "Yaya, kumbe ni hivi." Nikamwambia aende akaseme maneno hayo matatu kwa AG. Akatazama chini. Alikuwa na watoto, akasema. Nikamuuliza kama mimi nilizaa mawe.

AG alikuja na hasira. "Mukiendelea na hii fujo nitawafukuza wote."

Mama mkubwa akamuuliza kwa sauti ya chini, karibu na huruma, "Utatufukuza wapi, papa? Ulisema hatuko."

Akaenda zake. Kwa mara ya kwanza tulimwona hana neno, na tuliimba siku nzima tukifua. Sasa ninajua alikuwa nalo, ameliweka akiba.

Ilikuwa siku ya malipo. Wanaume wote walikwenda benki mjini kwa wakati mmoja, na AG ndiye aliyewaruhusu. Tumbo la mtu wa Basoko lilikuwa limeharibika tangu asubuhi. Sheria ya nyumba ni kwamba mzito kama yeye habebwi na wamama wawili peke yao, hata siku moja. Tulikuwa tumempangusa pale pale kitandani na kumwekea nguo safi chini, tunangoja. Mwenyewe alikubali. "Minaweza kungoja," alisema, "siendi popote."

AG akapita, akasikia harufu. Akasema kuna wageni wanakuja, mtu huyo apelekwe bafuni sasa hivi.

"Papa, tungoje wanaume. Huyu ni mzito."

Akasimama. Aliniangalia mimi, si mwingine, na nikaona ameshakumbuka lile neno lake.

"Nyinyi si ndio munabeba kupita wanaume? Alors, mubebe."

Tulibeba. Mimi nilikwenda kwenye kichwa, maana mwenzangu alikuwa mdogo na ametoka kujifungua. Tulifika mpaka bafuni. Pale kwenye kizingiti, simenti ilikuwa na sabuni, mguu wangu ulikwenda, na nilichoweza kuchagua ni nani aanguke chini. Shingo ile ilikwisha kuvunjika mara moja. Nikamgeuza juu yangu. Ukingo wa ngazi ya bafu ulinipokea mgongoni.

Yaliyofuata mmekwisha kuyasoma.

Nililala kwenye mkeka Mangobo majira ya mvua yote. Wamama walikuja kwa zamu wakanigeuza, kama tulivyokuwa tukigeuza wengine, na nilijifunza jinsi inavyokuwa kungoja mikono ya mtu. Hawakuniacha nipate kidonda hata kimoja. Mguu mmoja ulirudi wote, mwingine umerudi nusu. Natembea na fimbo. Nitaishi; wale waliofikiri nitanyamaza kaburini watafute mpango mwingine.

Mwenzangu wa miguu alikuja siku ya malipo iliyofuata. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akatoa feza iliyokunjwa, akaiweka juu ya mkeka.

"Yaya, chukua."

"Hii iko ya nani?"

"Iko prime yangu. Minakukatia nusu. Kila mwezi nitakukatia."

Feza hiyo ilikuwa na kazi nyingi nyumbani kwangu, sisemi uongo. Dawa zilikuwa zimeisha. Nikaisukuma na fimbo mpaka kwenye magoti yake.

"Ikiwa iko yako, kula na watoto wako. Miye ninataka yangu. Ukitaka kunisaidia, nenda useme ulivaa bluzi ya nani siku ile."

Alirudi mlangoni akavaa viatu. Alipoondoka aliacha feza nyuma ya mlango, na nikamtuma binti yangu airudishe. Mpaka leo hajasema. Kila nikikutana naye ananisalimia kwa heshima kubwa.

Mtu wa Basoko yeye alinitumia sauti kwenye simu. Muuguzi alimshikia mdomoni. Ninayo, ninaisikiliza. Anasema, "Mama, huyu wa sasa ananibeba vibaya. Mutu akikuja kuuliza, mulete kwangu. Kinywa bado iko."

AG yule amepandishwa. Leo anakaa kwenye ofisi ya jimbo, karibu na mlango wa yule mpole. AG mpya anatuambia mambo hayo ni ya mtangulizi wake. Kule jimboni wanasema ni mambo ya kituo. Wamama bado wanabeba bila prime, na bado wanasimama kwenye miguu, wote, hata yule aliyetoka kujifungua. Hawajarudi kwenye kichwa na hawatarudi mpaka kichwa kilipwe. Mimi, kila Jumatatu nakwenda kuketi kwenye benchi lile la Makiso. Walinzi wamenizoea. Mmoja huniwekea gazeti nisikalie vumbi.

Basi, bwana AG, jina lako sikuliandika, lakini kila anayefanya kazi ile mjini amekwisha kukujua. Simwombi Mungu anilipe, ninakudai wewe. Toka nje ya ofisi hiyo. Panda pikipiki mpaka kituoni, ingia bafuni hata kama kuna maji. Mwite mkuu wa ujumbe kwa simu asikie, mwite na mwenzangu asimame pale na bluzi yangu. Mbele ya mtu wa Basoko, mbele ya wamama wote, uangalie ukingo ule ulionipokea mgongoni na ujibu: aliyekuwa amebeba kichwa siku ile alikuwa nani, na kama si mfanyakazi, wewe ulikuwa unamwamuru kwa haki gani?

Ninangoja jibu. Benchi unalijua.